Neno la Mwenye Mji

Kabla kompyuta haijaingia dukani kwake, Kezia Akimana alikuwa na mashine ya chapa, na Kasulu nzima ilimjua kwa mlio wake. Ukipita njia ya sokoni asubuhi unaisikia ta-ta-ta-ting, unajua Mama Fidele ameshaamka, na mbele yake kwenye benchi kuna mtu anaeleza shida: barua ya kuomba kazi, kesi ya mpaka wa shamba, maombi ya uhamisho ya mwalimu aliyechoshwa na Buhigwe. Kezia hakuwa wa kuchapa tu kila aliloambiwa. Mtu akieleza vibaya alimsimamisha. "Hapo umemtukana mkubwa. Rudi nyuma, useme kama mtu aliyelelewa." Barua ikitoka mkononi mwake ilikuwa imenyooka kama matuta ya viazi ya mtu asiye mvivu.

Kuchapa alifundishwa na masista, angali msichana, miaka michache baada ya wazazi wake kuvuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakiwa na jembe, chungu na yeye. Walishukia Titye, wakapewa shamba, wakazeeka hapo. Mume alimpata hapo hapo, na hapo hapo akamzika mapema. Akabaki na mtoto mmoja, Fidele Ndihokubwayo, na vidole vyake kumi ndivyo vilivyomlisha mtoto huyo na kumfikisha kidato cha nne. Jambo hilo Kezia alilisema kanisani, alilisema sokoni, na asiyetaka kulisikia alilisikia vilevile.

Fidele alipata kazi Kibondo, katika ofisi ya shirika moja lililohudumia kambi za wakimbizi. Huko alijifunza kompyuta kwa kusimama nyuma ya waliojua, mpaka nao wakaanza kusimama nyuma yake. Mwaka tisini na nane shirika lile likafunga virago. Wafanyakazi wakaambiwa wagawane vitu chakavu. Wengine walichukua viti, wengine maturubai na mapipa. Fidele alichukua kompyuta mbili, mkoba wa nyaya na CD moja, akarudi Kasulu juu ya lori la mahindi akiwa amezikumbatia njia nzima, kama mtu anayesindikiza wagonjwa hospitali.

Mgonjwa alikuwa yeye.

"Umekonda," Kezia alimwambia kabla hata ya salamu.

"Vumbi la njiani, Mama."

"Vumbi halimli mtu nyama."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule ambao miaka hiyo watu waliuzunguka kwa maneno kama mtu anavyozunguka shimo njiani. Walisema kifua, walisema malaria sugu, walisema amerogwa na aliyetaka kazi yake. Kezia alisema vumbi. Alichukua neno la mwanawe, akalishika.

Fidele akapanga zile kompyuta mbili dukani, akasogeza mashine ya chapa pembeni. Moja akaitandikia meza yake peke yake, nyuma, karibu na pazia la chumba chake.

"Hii itakuwa seva," akasema.

"Na seva ni mnyama gani?"

"Ni kama mama lishe. Amekaa na vyungu vyake. Mteja akija akisema naomba wali na maharage, anapakuliwa wali na maharage. Anayetaka uji anapakuliwa uji. Yeye hatoki pale, hafungi, halali. Kazi yake ni kusubiri kuombwa."

Kezia akacheka hadi akajishika kiuno. "Basi mimi ni seva tangu siku uliyozaliwa!"

Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwa Abdalah, mnunuzi wa nafaka ambaye babu yake alipanda bara kutoka Pangani na kusahau kurudi. Jenereta la Abdalah ndilo lililojaza betri za lori zilizoendesha mashine za Fidele. Kwa hiyo Abdalah alijiona ana haki ya kuuliza, na alikuja na kikombe chake cha kahawa akauliza. Fidele akamweleza. Kila asubuhi rafiki yake Tharsisi, aliyebaki Kibondo, angempa kwa radio call ya misheni bei za mahindi na maharage za kule na za Murungu. Za Buhigwe zingeletwa na madereva. Zote zingeandikwa kwenye kurasa ndani ya seva. Waya ungepita ukutani hadi kwenye kompyuta ya pili dukani kwa Abdalah, na pale mfanyabiashara yeyote angelipa ada yake ya mwezi akasoma, badala ya kutuma mtu maporini kuuliza bei ambayo akirudi imeshabadilika.

"Na hiyo programu umeinunua kwa nani?" Abdalah akauliza.

"Haiuzwi, Mzee. Inaitwa Apache, nayo imekaa juu ya nyingine inayoitwa Linux. Watu wa nchi nyingi wameiandika wakaiacha wazi. Ukitaka unaifunua uone ilivyoshonwa. Ukiona palipochanika unashona, unawarudishia na wao."

"Kijana, mimi ni mfanyabiashara. Cha bure kina mwenyewe, amejificha tu. Siku moja atakuja kudai."

Aliyejibu ni Kezia, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni. "Ni ikibiri hiyo."

"Iki nini?"

"Kwetu watu wanalimiana. Leo wote kwa fulani, keshokutwa wote kwa fulani. Halipi mtu. Ila zamu ya mwenzio ikifika ukajifungia ndani, mwaka ujao utalima na mkeo tu, na mkeo atakununia."

Abdalah akamtazama mkewe Nasma, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema, "Basi mimi nimeshajifungia ndani siku nyingi." Nasma akamfinya begani. Na Fidele alikuwa anamtazama mama yake kama aliyemwona mtu mpya. "Kibondo nzima," akasema, "sikupata mtu wa kunieleza vizuri hivyo."

Basi Kezia naye akataka kujifunza. Duka lilikuwa lake, hakuwa tayari kuwa mgeni ndani yake. Mwanzoni alipiga vitufe kwa nguvu za mashine ya chapa, herufi zikamwagika kwenye kioo kama mtama wa gunia lililotoboka. Kila mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kutafuta lile dude la kurudishia karatasi, ukabaki hewani.

"Mama Fidele," Nasma akamtania, "huyo unayempungia ni nani? Mkewe anajua?"

"Nyamaza, wewe. Mkono huu umekula kiapo zamani."

Kosa lake kubwa alilifanya juma la kwanza. Alipomaliza kuandika ukurasa wake wa kwanza wa bei, alifanya kama mtu anavyofanya na taa: alikata umeme. Fidele alitoka nyuma ya pazia mbio, akihema.

"Oya, Mama, hapana! Haizimwi hivyo. Unaiambia kwanza ilale. Inakusanya vitu vyake, inafunga milango yake, ndipo unakata. Ukiikata ghafla inakuwa kama mtu aliyeamshwa na kelele za vita. Hajui kiatu kiko wapi, hajui mtoto yuko wapi. Anakimbia na alichoshika."

Kezia hakuhitaji maelezo zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyekimbizwa hivyo. Tangu siku hiyo hakuizima mashine ile bila kuiambia kwanza ilale, na aliiambia kwa sauti vilevile, huku akiandika.

Kazi ikakamata. Wanunuzi walijaa kwa Abdalah asubuhi, na Nasma ndiye aliyewasomea, maana mumewe aliapa kwamba macho yake yameumbwa kwa magunia. Lakini watu hawakufuata bei peke yake. Juu ya kila ukurasa, kabla ya bei, Fidele aliweka salamu ya siku, ikianza na neno la Kirundi la kuamkiana asubuhi, na salamu zile zilikuwa na ladha. "Mwaramutse, watu wa Kasulu. Ukungu wa leo umeficha mlima, lakini haukuficha maharage ya Buhigwe: yamepanda." Siku nyingine: "Mwaramutse. Mwenye mbuzi mweupe aliyelala barazani kwetu, tunakupongeza kwa usingizi wa mbuzi wako." Kuna waliokuja hawana hata debe la kuuza, wakasimama mlangoni kwa Abdalah wakisubiri Nasma asome salamu, wakacheka, wakaenda zao.

Mashine iliandika pia nani amekuja kuomba nini, na Kezia alipenda kusoma habari hizo asubuhi. "Abdalah," alimpigia kelele kupitia ukutani, "jana umeomba bei ya maharage kama mtu mwenye njaa!"

"Ni Nasma!"

"Nasma hana biashara ya maharage. Wewe unataka kunilalia!"

Siku moja alimuuliza mwanawe, "Hizi salamu za jana na juzi, zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zote zimo humo ndani. Sijafuta hata moja."

Lilikuwa jibu dogo. Kezia alilipokea kama mtu anavyopokea chenji.

Mwaka ulipogeuka, Fidele alianza kufanya kazi akiwa amekaa, kisha akiwa ameegemea. Mvua za masika zilimkuta amelala nyuma ya pazia, anamsomea mama yake bei aliyoandika kwenye kiganja, na Kezia anachapa. Salamu alizitamka mwenyewe, neno kwa neno, na Kezia hakubadili hata nukta. Yeye aliyekuwa akisahihisha barua za wakubwa, hapo aliandika kama mtoto wa shule anayeandika imla.

Asubuhi moja Fidele akasema, "Leo nataka nikufundishe namna ya kuiinua ikianguka."

"Haijaanguka."

"Itaanguka, Mama. Kila mashine huanguka. Ikianguka vibaya, wakati wa kuamka itasimama njiani na kuuliza neno la mwenye mji. Wewe una neno lako, la kuingia na kuandika. Neno hilo halifungui huko. Lazima upate langu, na nikuonyeshe unavyoitibu. Ni kazi ndogo."

"Mwenye mji ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi ikiuliza utaijibu."

Akainuka akaenda kuchochea moto.

Mtu asiye wa kwao angedhani ni ubishi tu. Lakini kwao, mzazi akiona jua lake linatua, huwaita wanawe akawapa irage, yaani usia: shamba hili la fulani, ng'ombe yule wa fulani, msigombane, msimsahau shangazi yenu. Maneno yale yakishatoka, mgonjwa amejifungulia mlango. Kezia alimwona baba yake akiyatoa pale Titye, na chungu cha maharage kilichokuwa motoni hakikuwahi kuiva kabla hajakata roho. Na usia hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kama maji yanavyoteremka bondeni. Mtoto kumuusia mama yake ni maji kupanda kilima. Anayekaa akasikiliza, amekubali. Kezia hakuwa amekubali kitu.

Kesho yake alimkuta ameandika kwenye karatasi. Herufi zilikuwa zimepinda, zimelala. Fidele akaikunja, akamnyooshea.

"Si lazima tuongee. Weka tu mahali."

Kezia aliipokea. Hakuikunjua. Alitoka nayo hadi jikoni, akaiingiza chini ya chungu, na kwa moto ule akapika uji wa ulezi. Akaupeleka kwa mwanawe kwenye kikombe cha bati, akakishika kikombe mwenyewe kwa sababu mikono ya Fidele haikuweza. Fidele alikuwa ameona mlango wa jikoni kutoka pale alipolala. Akanywa.

"Uji mtamu," akasema.

Baadaye alijaribu njia nyingine. "Basi nimwambie Bi Nasma. Ana akili ya kitu hiki, na yeye si mzazi wangu."

Hapo Kezia alichomwa pabaya. "Umwite mtu wa nje umpe maneno yako, mimi mama yako nimekaa hapa? Watu waseme Kezia alikuwa nani kwako, mpangaji?"

 Fidele akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka kubeba na akaona pa kutua. "Haya, Mama," akasema. Hakulirudia tena.

Ilikuwa Aprili. Asubuhi hiyo Kezia alishachapa bei zote na kuacha nafasi juu, kama kawaida, kwa ajili ya salamu. Akaketi kitandani.

"Sema, nakusikiliza."

"Ngoja kidogo," Fidele akasema. "Naitafuta."

Akangoja. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na Kezia alikaa amemtegea sikio, vidole vyake vimetulia mapajani, tayari. Aliendelea kungoja hata baada ya kujua.

Upande wa pili wa ukuta, Nasma alifungua ukurasa ili awasomee watu. Akaona bei zimeanza, na juu yake patupu. Hakuuliza mtu. Aliacha wateja wamesimama, akatoka mvuani bila viatu, na kilio chake ndicho kilichoiambia njia yote ya sokoni.

Walimzika Titye, kando ya baba yake na babu yake, kwenye udongo mwekundu uliogeuka ujiuji kwa mvua, hata wachimbaji walilazimika kuegemeana. Kezia alibaki huko kwa matanga. Nyumba ya mjini ikabaki na ndugu waliopokea wageni, na mkubwa wao alikuwa Nkunzimana, mdogo wake Kezia, mkulima mpole asiyependa makelele.

Na kwao redio ya marehemu hailii matangani. Hata ya jirani hupunguzwa. Nkunzimana, akiwa ameketi dukani na wazee, alisikia kitu kinanguruma taratibu nyuma ya pazia. Akaenda akakiona kimewasha taa yake ndogo ya kijani.

"Redio ya mtoto inaimba," akasema, "na mtoto yuko ardhini?"

Wazee wakatikisa vichwa. Nkunzimana akaufuata waya kwa kidole hadi mwisho wake, akauchomoa. Kisha akavua kitenge alichojitanda kwa baridi, akaifunika mashine vizuri, kila upande, kama anavyofunikwa mtu.

Matanga yalipoondolewa, Kezia alirudi mjini. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Abdalah, akasimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Mama Fidele, sitasema neno la biashara. Nimekuja tu kukaa." Akakaa. Kezia ndiye aliyesema neno la biashara: kesho bei zitakuwepo. Alitaka kuandika pia tangazo la msiba, kwa herufi za mashine ya mwanawe, na chini yake aweke salamu zote, moja baada ya nyingine, watu wazisome upya. Hilo ndilo lililomrudisha mjini kabla nguvu hazijamrudia. Kaburi lilikuwa Titye, lakini asubuhi za Fidele zilikuwa mle ndani.

Alifunua kitenge. Akaunganisha umeme. Maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, mistari juu ya mistari, kama alivyoyaona siku zote, kisha yakasimama. Yalisimama njiani, kama alivyoambiwa. Mashine ikauliza neno la mwenye mji.

Kezia aliandika neno lake. Ikakataa. Aliandika jina la mwanawe. Ikakataa, na ikaendelea kungoja, kijimstari kikifumba na kufumbua.

Basi akafanya kile ambacho kila mtu Kasulu hufanya redio ikigoma. Akakata, akawasha. Akakata, akawasha. Siku ya pili alikata na kuwasha tena. Akaigonga ubavuni kwa kiganja, kwanza polepole kama anayembembeleza mtoto acheue, baadaye kwa hasira. "Amka! Amka, mwana wanje, mwanangu!" Nasma alimkuta hivyo, akamshika mikono. Siku iliyofuata kitu kilianza kulia ndani ya mashine, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa mkebe.

Nkunzimana alipoelezwa, alikaa chini pale pale sakafuni. "Dada, niliizima kwa heshima. Mungu ananiona."

"Najua."

"Ningejua kwamba haizimwi hivyo..."

"Wewe hukuambiwa, Nkunzimana. Usilie. Mimi niliambiwa, nikapikia uji."

Ujumbe ulipelekwa kwa radio call, na Tharsisi akaja kutoka Kibondo juu ya gari la mahindi, tope hadi magotini. Alikuwa kijana mwenye maneno machache, na alipolia kwa ajili ya rafiki yake alilia nje, kisha akanawa uso akaingia. Akakaa mbele ya mashine. Yeye alijua mlango wa nyuma wa kuingilia bila neno, akaingia. Alifanya kazi mpaka kahawa aliyoletewa ikapoa mara mbili. Kezia alikuwa ameketi nyuma yake, wima, kitambaa cha msiba kichwani.

"Mama, siku ya kwanza ilipouliza, kama ungekuwa na lile neno..."

"Sema. Usinionee huruma."

"Ungejibu maswali yake machache ikaamka. Tatizo lilikuwa dogo. Lakini imekatwa na kuwashwa mara kwa mara ikiwa tayari imejeruhika. Na ilipigwa?"

"Ilipigwa."

Tharsisi akashusha macho. "Diski yenyewe bado ina uzima, kama shamba. Kilichong'oka ni kilichopandwa. Nimeokota vipande. Mashine ikipata kipande kisicho na mwenyewe hukitupia chumba kimoja, na kwa kuwa jina limepotea, hukipa namba tu."

Kezia alivijua vyumba hivyo. Watoto walioletwa kambini bila wazazi nao walifungiwa namba mkononi.

"Nifungulie."

Tharsisi akavifungua vile vipande kimoja kimoja. Mahindi ya Kibondo. Mahindi ya Murungu. Maharage, mawese, tena mahindi.

"Hizi ulichapa wewe?"

"Mimi."

Kila kipande kilikuwa kimekatika juu, kikaanzia kwenye bei; kazi yake mwenyewe ilikuwa imepona karibu yote. Ilikuwa pale, imenyooka, haina kosa. Kisha Tharsisi akafungua kipande kingine, na mstari wa kwanza ulisema Mwaramutse. Kezia akainuka kitini. Baada ya neno hilo palikuwa na alama zisizosomeka, zimetapakaa kama siafu, hadi chini.

"Kuna kingine?"

"Hakuna, Mama. Ni hiki. Nikuwekee neno hili kwenye flopi?"

Kezia alilitazama sana. "Neno hilo ninalo. Yaliyofuata ndiyo sina."

Baada ya hapo Tharsisi alieleza kwa upole, kama daktari. Mashine inaweza kufanya kazi tena. CD aliyoacha Fidele ilikuwepo. Wangeweka kila kitu upya, Linux, Apache, waya hadi kwa Abdalah, na wanunuzi walikuwa wameshaanza kutuma tena watu porini kuulizia bei. Lakini ili kuweka upya lazima kufuta vyote vilivyomo, hata vipande. Kioo kikaleta swali.

"Nisomee kwa Kiswahili," Kezia akasema, ingawa alikuwa amelielewa.

"Inasema, yote yaliyomo yatafutika. Una hakika?" Kidole cha Tharsisi kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Nibonyeze?"

"Ondoa mkono wako. Udongo wa kwanza nilitupia mimi."

Akabonyeza. Hapakuwa na kelele yoyote. Taa ndogo ya kijani ikawa inapepesa, na Kezia akakaa akiitazama kwa muda wote ule, bila kulia, mkono wake wa kushoto ukiwa umeinuka kidogo kutoka mezani na kusahauliwa hewani.

Ilipokaribia kumalizika, Tharsisi akasema, "Sasa uchague neno la mwenye mji. Nageuka, nisilione." Akaenda kusimama mlangoni, akatazama njia.

Kezia akachagua, akaliandika. Kisha akaita kupitia ukutani, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kumtania Abdalah.

"Nasma! Njoo!"

Nasma akaja mbio, mikono imejaa unga wa muhogo. "Kuna nini?"

"Kaa hapa. Nina neno nataka ulijue, na namna ya kuiinua hii ikianguka. Maana siku mimi nitakapokufa..."

"Astaghfirullah!" Nasma akajiziba masikio kwa unga wake. "Mama Fidele, usijitabirie! Matanga hata hayajapoa, unaita mengine? Sitaki kusikia!"

Kezia alimtazama mwanamke yule aliyeziba masikio, mwenye afya, mwenye kumpenda. Alimtazama kama mtu anayejiona kwa mbali akija njiani. Kisha akamshika viganja vyote viwili, akavishusha polepole mpaka mapajani, akavishikilia pale.

"Utasikia," akasema. "Hata kama hutaki. Hasa kama hutaki."

Akamsogelea, akamwambia neno lile sikioni. Akamtaka alirudie. Nasma akalirudia huku analia. Akamtaka alirudie tena, bila kulia, maana mashine haisubiri mtu amalize machozi. Kisha akamwita Tharsisi, na Kezia na Nasma wakafundishwa pamoja, bega kwa bega, jinsi ya kuilaza na jinsi ya kuiinua, mpaka kila mmoja aliweza peke yake. Mwishoni Tharsisi alichomoa waya ghafla makusudi, kuwapima, na Kezia akafumba macho. Nasma ndiye aliyeiinua.

Ukurasa wa bei uliandikwa siku mbili baadaye, asubuhi. Tharsisi alikuwa ameshaondoka kurudi Kibondo, na sauti yake ilikuja kwa radio call pamoja na bei za huko. Nasma ndiye aliyechapa, Kezia akimsomea. Vidole vya Nasma vikafika juu kabisa ya ukurasa, vikasimama.

"Na salamu, Mama Fidele? Tuandike nini?"

Nje watu walikuwa wameshaanza kukusanyika kwa Abdalah. Kezia alitafuta. Alikuwa amechapa barua za watu wote wa mji ule, za kuomba na za kushitaki, na hapakuwa na aliyewahi kukosa neno mbele yake.

"Acha nafasi," akasema.

Nasma akaacha nafasi ya mstari mmoja, na bei ya maharage ikaanzia chini yake.